Nani Atalala Kando ya Eckart

Bremen, 3 Mei 1993

Wifi yangu Irmtraud,

Natumaini u mzima na goti lako limekuhurumia kidogo baada ya baridi ile. Huku hatujambo. Wiebke binti yangu anakusalimu kutoka Oldenburg. Mtoto wake ameanza kutambaa na anakula kila anachokiokota, juzi nimemkuta na kinywa kimejaa udongo wa vyungu vyangu. Nikamwambia mama yake amwache, huyo atakuwa mtunza bustani kama marehemu babu yake.

Jumapili nilikupigia simu, ukapokea ukanyamaza. Nilijua ni wewe kwa jinsi unavyohema. Basi naandika, maana kwenye simu sisi wawili hatuwezani.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Jiwe la mume wangu Eckart limeshasimama, udongo umeshashuka, sasa ni wakati wa kupanda mimea juu ya kaburi. Pale chini ya miti ya kanisa jua halifiki, kwa hiyo usihangaike na maua ya dukani, yatakufa yote. Nakutumia kwa posta sanduku la miche ya majani-mapafu. Si yale ya huko kwenu yenye madoadoa kama pafu la ng'ombe buchani. Haya ni ya Eckart mwenyewe, jani lote ni la fedha. Ua wetu wa nyuma haujawahi kuona jua, na mwaka wa kwanza wa ndoa hapakuota kitu zaidi ya kuvu. Yeye akaotesha mbegu, akachagua, akatupa, akaotesha tena, miaka na miaka, hadi akapata mche mmoja wa fedha tupu. Akauita Gesine. Tangu hapo tunaugawa kwa mizizi tu, kwa sababu mbegu zake hurudia madoadoa.

Yapande pande zote mbili za kaburi, upande wake na ule mtupu ambao ni wangu siku yangu ikifika. Acha kama futi moja kati ya mche na mche, na juu umwagie mboji ya majani. Mwaka kesho kutwa yatakuwa yameshikana hata gugu halitapata pa kutokea. Ndani ya sanduku kuna kibao cha bati chenye jina la mmea, ni mwandiko wake. Kichomeke kichwani kwake, karibu na jiwe.

Wifi yako,
Gesine


Wolkerode, 21 Mei 1993

Wifi Gesine,

Salamu zimefika, na sanduku limefika likivuja maji hadi karani wa posta akanuna. Wiebke na mtoto nawasalimu. Goti ni lile lile. Paka amezaa kabatini juu ya shuka za marehemu mama, nami nimeshindwa kumfukuza. Jirani yangu Bibi Kempf anakusalimu pia. Unamjua, mumewe amezikwa safu moja na Eckart, na kila asubuhi yupo pale na kopo lake la maji akiangalia nani kamwagilia na nani hajamwagilia.

Kuhusu kaburi, umechelewa. Nilishapanda tangu Aprili. Nilikwenda msitu wa nyuma ya kinu na toroli, nikachimba majani-mapafu yetu, yale yale ambayo mama alituchemshia tulipokohoa. Yalikuwa yamechanua, mengine ya rangi ya waridi, mengine yameshageuka bluu, na nyuki wale wanene wa manyoya wamening'inia kila ua. Eckart alikuja kuyaona kila Aprili, hilo huwezi kusema hulijui. Kwa hiyo upande wake umeshajaa.

Ya kwako sikuyatupa, mimi si mtu wa kutupa mmea. Nimeyapanda upande wako. Kibao nacho nimekichomeka huko huko, kwa kuwa kina jina lako. Nianze vipi kuweka kichwani kwa kaka yangu kibao kilichoandikwa Gesine? Watu watasema hatujui hata tumemzika nani.

Irmtraud


Bremen, 8 Juni 1993

Wifi Irmtraud,

Wote wazima hapa. Mtoto ameota jino. Mboga za asparagasi mwaka huu ni tamu sana, jana tulikula na viazi vipya na siagi mpaka tukashindwa kuinuka.

Barua yako niliisoma, nikaenda kumenya viazi, nikarudi nikaisoma tena, ikawa vile vile. Yaani mume wangu umemfunika na magugu ya msituni, halafu mimi umenipanda pembeni peke yangu. Yale majani ya fedha ni kazi ya mikono yake, Irmtraud. Ya msituni yalijiotea yenyewe, hakuna aliyeyahangaikia. Na mimi ndiye niliyeishi naye, nikafua soksi zake, nikamsikiliza akikoroma. Wewe ni dada. Dada ana heshima yake, lakini mke ni mke.

Mwezi wa tisa ukifika na mvua ikirudi, hamisha. Ya kwangu yaende kwake. Kwa sasa yakate, maana maua yamekwisha. Kata majani yote hadi chini, usiyaonee huruma. Ukiyaacha yatashika ukungu mweupe na kulala kama matambara. Ukiyakata na kuyamwagilia, baada ya muda yanatoka mapya, makubwa kuliko ya kwanza. Eckart alifanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka mimi nililia nikidhani ameyaua.

Gesine


Wolkerode, 2 Julai 1993

Gesine,

Paka wote wamepata kwao isipokuwa mmoja mwenye jicho bovu, huyo nimebaki naye. Mvua hakuna. Nimevuna stroberi nikatengeneza jemu, chupa yako nimeiweka, ukiitaka uje uichukue.

Nimekata kama ulivyoagiza. Upande wako nimekata mpaka kwenye udongo, nikafukua kidogo, nikamwagia mboji nyeusi tani yake. Sasa ni patupu kabisa, kimebaki kibao tu kimesimama katikati. Upande wa kaka sikugusa, yale ya msituni hayahitaji kinyozi. Na kuhamisha sihamishi.

Halafu umeandika "tulikula". Wiebke asparagasi hali, tangu utoto zinamtia kichefuchefu, na mtoto ana jino moja. Ulikula na nani?

Irmtraud


Bremen, 15 Agosti 1993

Wifi Irmtraud,

Mwezi umepita na zaidi, sina neno kutoka kwako. Siku yangu ya kuzaliwa imepita hata kadi hakuna, nawe kadi huwa hukosi kutuma, hata tukiwa tumenuniana. Nimepiga simu mara kadhaa, haipokelewi. Nimeanza kuogopa kwamba umeanguka ngazini na goti hilo.

Kama ni kwa sababu sikujibu swali lako, sikulijibu kwa sababu halina maana. Nieleze majani yanaendeleaje. Yangepaswa kuwa yameshachipua.

Gesine


Bremen, 13 Septemba 1993

Irmtraud,

Salamu sina. Wiebke anazo, lakini nimemwambia azihifadhi.

Alhamisi nilipanda treni, kisha basi, nikaja Wolkerode bila kukuarifu, kwa sababu nilidhani uko kitandani hujiwezi. Nikaanzia makaburini. Bibi Kempf alikuwa ameinama kwa mumewe. Akainua kichwa, akaniona, kopo likamtoka likamwagika lote kwenye viatu vyake. Akashika jiwe la mumewe kwa mikono miwili. "Bibi Vollmer," akasema, "mbona wewe tumeshakuzika?"

Nilimkalisha kwenye benchi. Ilibidi anishike mkono kwanza, aupapase kama mtu anayechagua nyanya, ndipo aamini. Akanieleza. Mwezi wa saba ameona upande wangu umechimbuliwa, udongo mweusi mpya, na kibao cha jina langu kimesimama. Akajua nimechomwa, nimeletwa kwenye chungu cha majivu, kimya kimya, bila mchungaji wala kengele. Ati watu wa mjini ndivyo tulivyo. Akaja kwako kukupa pole.

Na wewe ukapokea. Ukapokea pole ya kifo changu mlangoni kwako, na keki ya plamu juu yake. Kwaya imekuimbia. Mke wa mchungaji amekaa nawe sebuleni akaniombea mimi nipumzike. Kijiji kizima kimenifuta, huku mimi Bremen natafuta kadi ya kukutumia upone goti. Umekula keki za msiba wangu, Irmtraud, ukakung'uta na makombo.

Kisha nikaja kugonga kwako. Pazia la jikoni lilitikisika. Nilisimama pale mpaka basi la mwisho likakaribia. Hukufungua.

Nimeona kitu kimoja tu cha kunifurahisha. Majani yangu yameshachipua, makubwa, meupe kama sahani. Ya kwako ya msituni yameshika ukungu na kulala chini. Umeona mwenyewe.

Gesine


Wolkerode, 4 Oktoba 1993

Wifi yangu Gesine,

Natumaini wewe, Wiebke na mtoto ni wazima. Mimi mzima. Viazi nimevuna, matofaa yamekuwa machache. Kijijini hanisemeshi mtu isipokuwa mwokaji mikate, na yeye ni kwa sababu hapendi kusemeshana na mtu yeyote, kwa hiyo hajui nini kimetokea. Sahani za keki nimezirudisha moja moja. Mke wa mchungaji alipokea yake bila kusema asante.

Pazia nilitikisa mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na aproni yangu, nikashindwa.

Nikueleze ilivyokuwa. Bibi Kempf alikuja na keki ingali moto. Akanikumbatia pale mlangoni, akaniambia, "Pole, Irmtraud. Sasa umebaki wewe tu wa kumlilia Eckart." Nikafungua mdomo nimwambie anakosea. Mdomo ukasema asante.

Hakuna aliyewahi kunipa pole ya Eckart, wifi. Siku ya mazishi walipanga mstari mbele yako. Wakakushika mkono mmoja mmoja, wakakuita maskini mjane. Mimi nilikuwa jikoni ukumbini napaka mikate siagi, na waliofika jikoni walikuwa wanatafuta kahawa. Nilimbeba Eckart mgongoni akiwa mtoto, kabla hujajua kama yupo duniani. Nilimfundisha kufunga viatu. Nikakuonea wivu siku ile mpaka nikashindwa kulia, na wivu huo nimekaa nao jikoni humu tangu siku ile. Halafu ghafla kijiji kizima kinaniletea keki na kuniambia nimefiwa na kaka. Nikasema acha, kesho nitawaeleza. Kesho ikawa kesho nyingine.

Kwa kuwa nimeshaaibika, acha nimalize. Ile nafasi naitaka. Kaburi la baba na mama muda wake wa kukodiwa ulikwisha, kanisa likalichukua, sasa amelala pale mtu wa kijiji cha pili. Mume sina, mtoto sina. Nikifa watanipeleka ukutani, kwenye safu ya wasio na watu. Wewe una Wiebke, una Bremen, una huyo unayekula naye asparagasi. Mimi nataka kulala kando ya kaka yangu. Mwenye kaburi ni wewe, ofisi ya kanisa inakutambua wewe tu. Ndiyo maana naomba.

Irmtraud


Bremen, 20 Novemba 1993

Irmtraud,

Sisi wazima, mtoto amesimama. Huku giza linaingia saa kumi na taa zinawashwa tukiwa bado kwenye kahawa.

Barua yako nilikaa nayo muda mrefu ndiyo maana nimechelewa. Yale ya jikoni sikuyajua. Ningekuona ningekuita uje usimame karibu yangu, au labda nisingekuita, siwezi kujisifu leo. Lakini jibu ni hapana.

Wewe unajua wivu? Nikuulize, unaujua? Kila Aprili alifunga mkoba wake akasema anakwenda kwenu kuona maua yakichanua nyuma ya kinu. Hakuwahi kusema twende. Mwaka mmoja nilinunua viatu vya kutembelea msituni nikaviweka mlangoni avione. Akaviruka. Akirudi alikuwa mtu mwingine, anapiga mluzi bafuni, anaeleza Irmtraud kapika nini, Irmtraud kasema nini, wakati kwangu mwaka mzima anasema "ndiyo" na "si leo". Nikabaki uani nikimwagilia mmea wenye jina langu. Unafikiri inatosha, mtu kupewa mmea?

Alipokuwa hospitali nilimwuliza azikwe wapi. Niliuliza hivi hivi tu, kwa sababu nilijua atasema Bremen. Akasema Wolkerode. Nikaona ananiacha, tena ananiacha aende kwako. Nikamwambia sawa, lakini nafasi ziwe mbili, akakubali. Ile nafasi ndiyo peke yake niliyoipata kwenu. Usiiombe tena.

Gesine


Wolkerode, 9 Januari 1994

Wifi Gesine,

Mwaka mpya uwe mwema kwako na kwa Wiebke. Asante kwa biskuti za Krismasi. Zilikuwa ngumu kama zako zote, nimezilowesha kwenye kahawa. Theluji imefika magotini na paka wa jicho bovu amegoma kutoka nje.

Sikuombi tena. Nilitaka tu kukwambia kwamba nilifagia theluji pale kaburini jana, nikayakuta majani yako chini yake bado yana rangi. Ya kwangu yameoza yote. Imeniuma. Bibi Kempf, ambaye sasa ananisemesha kwa nusu mdomo, ameniomba kipande cha mzizi kwa ajili ya mumewe. Nimemkatalia. Nimemwambia ni mmea wa nyumbani kwetu, hautoki. Baadaye nikashangaa nimesema "kwetu".

Kibao chako nimekifuta kutu.

Sasa nijibu na mimi. Huyo wa asparagasi ni nani? Wiebke ameniandikia kadi ya Krismasi, ametia salamu za "mama na Hinrich". Kama una mume mwingine, wifi, utalalaje kaburini na kaka yangu?

Irmtraud


Bremen, 27 Februari 1994

Wifi yangu Irmtraud,

Sisi wazima wote. Mtoto anatembea na ameshaangusha taa ya mezani. Wiebke nimemgombeza kwa kadi ile, ingawa kosa si lake, nilipaswa kukuandikia mwenyewe.

Ni Hinrich Onnen, anakaa ghorofa ya chini ya yangu. Alikuwa fundi wa piano, sasa amestaafu na masikio yamemchoka. Alianza kwa kunibebea mfuko wa viazi ngazini. Sikutaka kukueleza kwa sababu nilijua utasema nilimsahau kaka yako. Na nisikufiche, ningesema hivyo hivyo kama ungekuwa wewe.

Tunaoana Mei. Tunahamia Wilhelmshaven, kwenye nyumba ya marehemu dada yake, karibu na bahari. Nimekwenda kuona bustani. Mchanga mtupu, upepo, jua kutwa, hakuna hata kivuli cha uzio. Mche mmoja nilishaujaribu huko majira ya joto yaliyopita. Kila saa sita mchana ulilala chali, jioni ukainuka, na siku ya tatu haukuinuka. Kwa hiyo siwezi kuondoka nayo. Mwenye nyumba hapa Bremen atamwaga saruji uani aweke baiskeli. Majani yaliyobaki duniani ni yale yaliyopo kwako.

Hinrich anataka majivu yake yamwagwe baharini, na ya kwangu yafuate. Nilimwambia nina nafasi yangu tayari. Akaniangalia, akasema, "Kando ya mume wako," basi, akaenda kuosha vikombe. Sikulala vizuri wiki ile. Nimefikiri sana kama naitaka nafasi ile ili niwe naye, au naitaka ili wewe usiwe naye. Jibu nililolipata halikunipendeza.

Chukua. Nimeshaiandikia ofisi ya kanisa kwamba kaburi ni lako na utalala humo wewe.

Lakini nina sharti langu na silipunguzi. Ya msituni yang'oe yote. Majani ya fedha yafunike pande zote mbili, kwake na kwako, na kibao kiwe kichwani kwake kama nilivyosema tangu mwanzo. Utalala kando yake, sawa. Ila mimi nitakuwa juu yenu wote wawili, na kila atakayepita hapo atasoma jina langu.

Gesine


Wolkerode, 18 Machi 1994

Wifi yangu Gesine,

Nakusalimu, na huyo Hinrich msalimie, japo simjui na sina haraka ya kumjua. Theluji imekwisha. Goti leo limekubali, ndiyo maana nimefanya kazi yote kwa mkupuo.

Barua yako niliisoma nikicheka kwa hasira. Wewe una roho ngumu. Utaolewa na fundi wa piano, utakaa baharini ukila samaki, na bado utanikalia kichwani kaburini. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo.

Nimefanya ulivyotaka. Ya msituni nimeyang'oa, nimeyarudisha nyuma ya kinu na toroli lile lile. Nilikaa pale kidogo nikapumzika. Ya kwako nimeyachimba, nimeyagawa kwa kisu cha mkate, na yametosha pande zote. Si wakati wake, najua, yameshaanza kuchomoza maua, lakini nayamwagilia asubuhi na jioni. Bibi Kempf alisimama akitazama. Akaniuliza safari hii ni nani kafa. Nikamwambia hakuna, ni wifi yangu anaolewa. Akaketi kwenye benchi.

Kibao kiko kichwani kwa kaka. Nimekisogeza kulia kidogo ili kisizibe jina lake. Hilo utanivumilia.

Sasa nafasi ninayo na hakuna wa kuninyang'anya, nami nina swali ambalo sikuwahi kukuuliza kwa kuogopa jibu. Hapa alikuwa anakuja siku chache za Aprili, halafu mlango unafungwa, kimya mwaka mzima. Barua alikuwa haandiki, unamjua. Huko kwako, miezi yote ile mingine, aliwahi kunitaja?

Usiniandikie la kunifurahisha. Ukinidanganya nitajua.

Irmtraud


Bremen, 2 Aprili 1994

Wifi yangu Irmtraud,

Tu wazima. Nyumba imejaa maboksi, na kahawa tunanywea vikombe vya Hinrich kwa sababu vyangu vimeshafungwa.

Alikutaja kila siku. Mezani, uani, kwenye gari, hata tukiwa tumegombana na hatusemeshani, ghafla angesema, "Irmtraud hapo angecheka." Nilikuwa najua siku zako za kuoka mikate kuliko ninavyojua siku zangu. Ndiyo maana sikuwahi kukupenda.

Gesine